Mifupa ya mawe chini ya genge: shajara ya ufuo wa Ziwa Albert, 2025

Kabla ya yote

Kazi hii inafanyika upande wa Uganda wa Ziwa Albert, si mbali na mwalo wa Kaiso, wilaya ya Hoima. Mahali hasa sipataji. Ukiona maelezo yamekuwa ya kuzungukazunguka, jua ni makusudi: wanunuzi wa vitu vya kale nao wanajua kusoma.

Tunavyovitafuta, wavuvi wanaviita mifupa ya mawe. Vitabuni ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda, aliviandika katika miaka ya 1920, na mwaka 1926 A. T. Hopwood wa Uingereza akaanza kuvipa majina. Kiboko mmoja wa kale akaitwa Hippopotamus kaisensis, yaani kiboko wa Kaiso. Nimefundisha jiografia Hoima miaka 9 kabla ya kujua kwamba kijiji cha wavuvi ninaponunua muziri, samaki wadogo wa ziwa hili, kimo ndani ya jina la mnyama.

Tuko watatu: mimi, mdogo wangu ambaye ni seremala, na mzee mmoja mvuvi, mtu wa kabila la Alur, tunayemwita Mjomba. Kiswahili chake ni cha upande wa Bunia, Kongo, na macho yake ni ya mtu aliyelitazama genge lile la udongo ufuoni tangu utotoni. Wanafunzi wangu wameomba kuja mara nyingi. Jibu ni hapana, na ukifika kwenye tarehe 12 Aprili utaona kwa nini.

11 Januari: ndoo

Kutoka Hoima ni karibu kilomita 90 za lami, na ile sehemu ya kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa inaziba masikio. Chini, ziwa linapiga mguu wa genge lenye kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Ukilitazama kwa mbali ni kama keki iliyokatwa kwa kisu butu: udongo wa mfinyanzi wa kijivu, mchanga wa njano, tena mfinyanzi, halafu utepe mwembamba wa rangi ya kutu, mgumu kama kigae. Utepe huo ndio wenye mali. Chuma kimegandisha pamoja magamba ya konokono, miiba ya samaki na mifupa iliyovunjikavunjika. Mawimbi yakichimba mfinyanzi wa chini, utepe unakosa pa kukaa, unadondoka ufuoni vipande vipande.

Mimi na mdogo wangu tulikimbia kama watoto walioona maembe yameanguka. Kufikia saa 5 ndoo ya lita 20 ilikuwa imejaa: vipande 31. Tulirudi Hoima tukiwa tumevimba vichwa.

Jioni tukavitandaza juu ya gazeti, tukaviosha. Vipande 19 vilikuwa mifupa ya ng'ombe na mbuzi wa juzijuzi. Maji yenye chuma yamevipaka rangi ya kahawia, ukiangalia haraka huoni tofauti. Kimoja kilikuwa na alama mbili safi za panga. Mbuzi yule aliishia kwenye muchomo pale mwaloni, nina hakika hata miaka 5 haijapita.

Tangu siku hiyo tunapima hivi. Kisukuku ni kizito kuliko ukubwa wake. Ukikigonga kwa kijiko kinalia kama kikombe cha udongo, mfupa mpya unalia kama mti. Ukibaki na shaka, chukua chembe ndogo, ichome kwa kiberiti: mfupa mpya unanuka nywele zilizoungua, jiwe halinuki kitu. Wako wanaogusisha ulimi ili waone kama unanata. Kwa ufuo ambao vyoo vyake ni vya kuhesabu, sisi tumeuacha ulimi kinywani.

Vile 12 vilivyobaki nilivipiga picha nikamtumia mtafiti mmoja wa Kampala. Hakunipongeza. Aliuliza, "Mwalimu, vilitoka tabaka gani? Vilikuwa vimelala wapi?" Sikuwa na jibu hata kwa kimoja. Akaongeza kwamba kuvibeba kwenyewe lilikuwa kosa. Vipande hivyo 12, ambavyo huenda kila kimoja kilikuwa na umri wa miaka milioni 2 au zaidi, vimekuwa vya kuonyeshea tu. Havitaingia kwenye utafiti wowote, kwa sababu ya asubuhi moja ya papara yetu.

Gharama: nauli na chakula 92,000. (Hesabu zote ni shilingi za Uganda.)

21 Februari: makaratasi

Wiki sita hakuna aliyegusa jiwe. Visukuku vya Uganda ni mali ya taifa. Sheria ya zamani ni ya 1967, na mwaka 2023 ikaja mpya ya makumbusho na mambo ya kale. Huchimbi, huuzi, husafirishi bila kibali. Sehemu ya ufuo huu pia ipo ndani ya eneo la wanyamapori la Kaiso-Tonya, na kuna shughuli za mafuta jirani, kwa hiyo mtu mwenye nyundo na begi anaulizwa maswali.

Mtafiti alikubali tufanye kazi chini ya kibali chake, kwa masharti: hakuna kuchimba, hakuna kugusa kilichomo gengeni, tunaandika tulichokuta kimeshaanguka, na tunaokota kile tu ambacho wimbi lingekimaliza, tena baada ya yeye kuona picha. Nakala za barua kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kwa wahifadhi, na kwa wanajeshi wanaolinda ziwa. Safari za Kampala na nakala: 90,000.

1 Machi: kulisoma genge

Mjomba alianza siku hiyo. Malipo yake 20,000 kwa siku, na kazi yake ni moja: kukaa mbali, kutazama juu, na kupiga filimbi. Haokoti kitu.

Tulipanda juu kwa njia ya mbuzi, mbali na ukingo, tukapigilia vijiti 12 kwa mstari kutoka mti mmoja wa mkwaju kuelekea ziwani, kimoja kila mita 1. Cha mwisho kilisimama mita 3 kabla ya ukingo, na hakuna aliyepita hapo. Nia yetu ilikuwa kujua genge linarudi nyuma kiasi gani. Kumbe vijiti vile vingetufaa kuliko helmeti.

Helmeti 3 za mafundi wa ujenzi, 90,000. Filimbi 2, 6,000. Mabuti ya mpira jozi 2, 50,000. Mabuti nilitaka kuyaacha, muuguzi wa kituo cha afya akanikatalia. Ziwa Albert lina kichocho cha tumbo, mabuu yake yanatoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi na yanapita kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Mtu anayeokota visukuku anashinda hapohapo kwenye kina cha kifundo cha mguu. Alitupa vidonge vya prazikwanteli mwisho wa msimu na akasema vidonge havizuii kuambukizwa tena wiki ijayo, mabuti ndiyo yanayozuia. Inafurahisha, kwa namna yake, kwamba konokono wa leo anatuumiza tukiwa tunamtafuta wa kale.

Saa za kazi: saa 1 asubuhi mpaka saa 4 na nusu. Jua la ubavuni linafanya jino ling'ae, rangi ya samawati iliyokolea kwenye kutu. Baadaye upepo unaamka, mawimbi yanafika mguu wa genge na njia ya kurudi inakatika. Kwa hiyo tunalala kwa Mjomba Ijumaa usiku. Viboko na mamba wapo, kwa hiyo alfajiri hakuna anayetembea peke yake.

8 Machi: picha zisizo na mahali

Siku nzuri kazini: vitu 22, kila kimoja na picha tatu, simu imewashwa ya kuandika mahali ndani ya picha. Usiku nikamtumia mtafiti zote kwa WhatsApp, nikafuta zangu kwa sababu simu ilikuwa imejaa.

WhatsApp inabana picha na inaondoa taarifa za mahali. Mtafiti alipokea picha 66 za mawe mazuri yasiyo na anwani. Tuliokolewa na daftari la mdogo wangu, ambaye kwa mazoea ya useremala anaandika kila kipimo kwa penseli. Alikuwa ameandika 15 kati ya 22. Vile 7 vimepotea, ingawa hatukuwa hata tumeviokota.

Sasa namba za mahali zinaandikwa daftarini kwa mkono kwanza, picha baadaye. Picha inatumwa kama faili, na hakuna kufuta mpaka zifike. Lebo tunaandika kwa penseli kwenye karatasi inayoingia ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) pamoja na kitu chenyewe, maana wino wa kalamu ya maka juu ya kavera ulifutika kwa jasho la mikono tu. Pia tunaandika rangi ya udongo ulioshika kwenye kisukuku, kwa sababu kitu kilichoanguka hakikuambii kilitoka tabaka lipi; udongo uliong'ang'ania matunduni ndio unaokisemea.

Daftari, penseli, brashi: 19,000.

12 Aprili: udongo unalia

Mvua ilikuwa imenyesha Jumatano na Alhamisi. Kila anayeokota visukuku anaipenda siku ya baada ya mvua, maana imeosha ufuo na kufichua vipya. Ndiyo siku ambayo genge limekunywa maji na kuwa zito.

Mpaka saa 4 tulifuata kanuni yetu ya kukaa mbali na mguu wa genge angalau kwa umbali sawa na kimo chake. Halafu jua likawa kali. Mahali pekee penye kivuli palikuwa chini ya utepe wa kutu, ambapo wimbi limechimba kama veranda. Mimi, mwalimu wa jiografia, ninayechora mmomonyoko ubaoni kila muhula, nilikaa pale nikafungua chapati.

Punje za mchanga zikaanza kudondoka juu ya chapati. Chache, kama mtu anayetia chumvi. Nilizipangusa nikaendelea kula. Mjomba hakupiga filimbi. Alikuja mwenyewe mpaka karibu, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, udongo iko nalia. Toka. Acha chakula."

Tulitoka. Aliposema "acha chakula" alimaanisha hata begi, na begi likabaki. Tulikuwa tumefika kwenye mitumbwi, sijui dakika ngapi, genge likashuka. Haikuwa sauti ya mlipuko kama nilivyodhani. Ilikuwa kama lori linalomwaga mchanga, halafu kimya, halafu mawimbi yakarudi yakiwa mekundu.

Begi, chapati, nyundo na helmeti moja (yangu, niliivua kwa ajili ya joto) viko chini ya udongo mpaka leo. Daftari lilikuwa mfukoni mwa mdogo wangu. Nilimuuliza Mjomba kwa nini hakupiga filimbi. Akasema alihofia tungesimama kwanza tuangalie ni nini. Ana haki, ndivyo tungefanya.

Juu, vijiti vilibaki 10.

Kanuni mpya, na hizi hazina mjadala. Siku 4 kavu mfululizo kabla ya kwenda, tukimpigia Mjomba simu kuuliza. Hakuna kukaa chini ya genge kwa sababu yoyote, kivuli ni turubai la mtumbwi. Filimbi ikilia, tunakimbia kuelekea ziwani, si kando. Mvua za Aprili na Mei tulizitumia kusoma.

14 Juni: jino na gundi

Gego la kiboko, zima, limelala peke yake kwenye kokoto. Taji lake lina ile michoro ya majani matatu ambayo kiboko wa leo pia anayo. Mtafiti akaona picha, akasema liokote kabla ya jioni.

Lilikuwa limelowa. Nilikosea mara mbili kwa siku mbili. Kwanza nililianika juu ya bati la jiko ili likauke haraka. Likapasuka, ulisikia, tik, tik, kama sufuria inayopoa. Vipande 7. Pili, kwa hofu, nilikubali mdogo wangu alete gundi nyeupe ya maseremala, tukaipaka huku ndani bado pana unyevu. Ikafanya ngozi ya maziwa, na ilipokauka ikajivuta na kubandua ukoko wa jino sehemu mbili. Lile jino lilikaa ardhini tangu enzi za kina Stegodon, jamaa wa kale wa tembo, likaharibikia jikoni kwangu kati ya Jumamosi na Jumatatu.

Namna sahihi, kama tulivyoelekezwa na tulivyofanya kwa vitu vilivyofuata: zungushia karatasi, weka kivulini kwenye boksi lenye matundu, acha wiki nzima au mbili, usilifungue kila saa. Kikishakauka kabisa, ndipo kinapakwa Paraloid B-72, gundi ya kuhifadhia vitu vya kale, iliyoyeyushwa katika asetoni, nyembamba kama maji. Faida yake ni kwamba asetoni ileile inaiondoa ukikosea, na gundi ya seremala haina huruma hiyo. Paraloid tulipewa, asetoni tulinunua Kampala, 40,000. Inashika moto haraka, kwa hiyo fanya kazi hiyo nje, mbali na sigiri (jiko la makaa).

Makanda makavu ya mgomba niliyasifu sana kama vifungashio vya bure. Yalileta sisimizi na ukungu. Tumerudi kwenye magazeti.

5 Julai: taya

Siku 9 bila mvua. Mjomba alikuwa amepiga simu tayari: "Mwalimu, iko jiwe moja, iko na meno."

Lilikuwa bonge la utepe wa kutu, urefu wa mkono, na upande mmoja meno manne yamejipanga. Jino la nyuma refu ajabu, limejaa nguzo nguzo kama mkate wa kumimina uliokatwa. Mtafiti alijibu kwa dakika tatu: nguruwe. Meno ya nyuma ya nguruwe wa kale yalikuwa yanarefuka kadiri mamilioni ya miaka yalivyopita, na kwa urefu wake wataalamu wanakadiria umri wa tabaka. Mmoja wao, Notochoerus euilus, alipewa jina na yuleyule Hopwood mwaka 1926 kutokana na mabaki ya hapahapa Kaiso. Wetu ni yupi, hilo anasema yeye, si mimi.

Tatizo: bonge lilikuwa mita 4 kutoka mguu wa genge. Genge lina kimo cha kama mita 8. Tulilipiga picha kwa lenzi ya kuvuta, tukaandika mahali, tukaondoka. Kuondoka kule ndiko kuligumu kuliko kazi yote ya mwaka huu.

12 Julai: kulihamisha

Nyumbani tulijizoeza kwenye mfupa wa ng'ombe namna ya kufunika kitu kwa plasta ya jasi na magunia ili kisivunjike njiani. Mara ya kwanza tulisahau karatasi ya chooni iliyoloweshwa kati ya mfupa na plasta, na plasta ikashika mfupa moja kwa moja. Kuivunja ilikuwa ni kuvunja vyote. Bora ng'ombe kuliko nguruwe. Plasta 48,000, magunia na karatasi 15,000.

Ufuoni mpango ulikuwa dakika 10 ndani ya eneo la hatari, si zaidi, na hakuna kupaka plasta pale. Mjomba na filimbi. Tulifunga bonge ndani ya gunia lilivyo, tukalipitisha kwenye miti miwili, tukalibeba kama mgonjwa kwenye machela. Uzito nakisia kilo 40. Dakika ya 6 Mjomba alipiga filimbi. Tuliweka chini tukakimbia kuelekea majini mpaka magotini, mabuti yakajaa.

Alikuwa mbuzi, juu, ukingoni, amedondosha jiwe. Hakuna aliyecheka mpaka baadaye. Tulisubiri nusu saa nzima, tukarudi, dakika 3, tukatoka nalo. Plasta tulipaka chini ya turubai, kwa raha zetu, na Mjomba akaichorea alama ya mtumbwi wake.

9 Agosti: kukabidhi na hesabu

Taya, gego lenye majeraha na vitu vingine 9 vilivyookotwa kwa idhini vimekabidhiwa Kampala kwa mtafiti, pamoja na daftari. Vitu 64 vimeandikwa na kuachwa vilipo. Gari la kubeba mzigo 150,000.

Jumla ya mwaka: safari 7 kwa 92,000 ni 644,000, Mjomba siku 6 ni 120,000, makaratasi 90,000, helmeti, filimbi na mabuti 146,000, daftari na brashi 19,000, asetoni 40,000, plasta, magunia na karatasi 63,000, gari 150,000. Yote 1,272,000, bila kuhesabu za kuchukua nafasi ya helmeti na nyundo zilizozikwa, ambazo bado sijanunua. Ukitaka kupunguza, punguza safari. Usimpunguze mtu wa filimbi.

Mvua zimeanza kurudi, kwa hiyo tumefunga mpaka Desemba. Mjomba bado anapita pale juu kila Jumapili akitoka kanisani na kuhesabu vijiti kutoka upande wa mkwaju. Tulipokuwa Kampala vilikuwa 8. Ujumbe wake wa jana: "Mwalimu vijiti zimebaki 7. Usikuje."